Shamba la vilima: chagua mashine ya nyasi kwa kuangalia inavyoshuka

Watu wakinipigia simu kuulizia mashine ya kukata nyasi ya kukalia, huanza na eka: ninazo nyingi, sasa injini iwe na nguvu za farasi ngapi? Mimi huwarudishia swali: pale panapoteremka kuliko kwingine kote pana nyuzi ngapi? Wengi hawajawahi kupima. Kazi yangu ni kutunza viwanja na kutengeneza mashine hizi, na kila mwaka naona fedha nyingi zikiishia kwenye injini kubwa huku breki, tairi na giaboksi hazikutazamwa kabisa. Penye vilima, hivyo vitatu ndivyo vinavyokurudisha nyumbani salama.

Basi anza na kupima. Tafuta ubao ulionyooka wa mita moja, pimamaji na futi ya kupimia. Ncha moja ya ubao iguse ardhi upande wa juu wa mteremko, inua ile nyingine mpaka pimamaji lionyeshe ubao umelala sawa, kisha pima kutoka ncha iliyo hewani hadi chini. Ukipata sentimita 18, hapo pana nyuzi 10. Sentimita 27 ni nyuzi 15, na 36 ni nyuzi 20. Simu nyingi zina programu ya pimamaji. Unaweza kulaza ubao kwenye nyasi, ukaweka simu juu yake na kusoma nyuzi moja kwa moja. Pima sehemu zote zinazokutia shaka na uziandike kwenye karatasi yenye mchoro wa shamba.

Vitabu vya maelekezo vya mashine nyingi za kukalia vinaweka kikomo cha nyuzi 15. Vingine, hasa vya zile za kuendeshwa kwa mikono miwili bila usukani, vinaishia 10. Omba kitabu cha mashine unayoitaka ukisome kabla hujalipa. Tena usiikaribie namba ile mpaka ukingoni, kwa sababu ardhi ya kweli si ubao. Gurudumu la upande wa chini likizama kwenye shimo wakati la juu limepanda kichuguu, mashine itainama kuliko kilima chenyewe.

Sehemu inayozidi kikomo iondoe kwenye hesabu. Shangazi yangu alikuwa na ukingo nyuma ya tangi la maji wenye nyuzi 22, na alitaka mashine itakayoumudu. Nilimwomba aniachie ukingo ule. Tukaupanda mimea inayotambaa, na mpaka ilipofunika ardhi tulikuwa tukipitisha fyekeo ya injini ya kubeba begani. Wapo wanaofungia mbuzi mahali kama pale, na kwa wenye uwezo zipo mashine za rimoti zinazotembea kwa minyororo kama buldoza, ambazo hukata penye zaidi ya nyuzi 40 huku mwendeshaji amesimama pembeni. Ukingo ulipotoka kwenye hesabu, pabaya palipobaki palikuwa na nyuzi 12, na orodha ya mashine zilizomfaa ikaongezeka mara moja.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alielewe vizuri. Mashine ikipanda kilima, uzito hurudi nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo yanashika ardhi vizuri. Ikishuka, uzito huenda mbele na magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi. Lakini kwenye mashine nyingi breki ziko nyuma tu. Ndiyo maana mashine inaweza kupanda vizuri kabisa, halafu ikashuka kwa kuteleza kwenye njia ileile. Ukijaribu mashine kwa kuipandisha tu, hujaijaribu.

Ukilijua hilo, aina za mashine zinajipanga zenyewe. Zile za mikono miwili zinazogeuka palepale zinakata haraka sana penye tambarare, nami nazipenda huko. Ila magurudumu yake ya mbele kwa kawaida yanazunguka tu yanakotaka, hayaongozwi. Kuongoza na kusimamisha vyote vinategemea magurudumu mawili ya nyuma, yakiteleza umepoteza usukani na breki kwa pamoja. Trekta ndogo yenye usukani ni afadhali, kwa sababu hata nyuma ikiteleza bado mbele unaweza kuelekeza. Iwe na difu (gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma) inayofungika kwa kukanyaga pedeli, maana difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu lililo jepesi, na penye mteremko hilo ndilo linalozunguka bure. Juu ya hizo zipo zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Ukiwa na nyuzi 10 hadi 15 sehemu nyingi za shamba, hapo ndipo ningekushauri uweke fedha zako, kwa sababu giaboksi inaposhikilia mwendo wakati wa kushuka, magurudumu ya mbele yenye uzito yanashikilia pia. Nyingine zina visu mbele ya dereva na uzito umekaa chini. Hizo zinaingia vizuri hata chini ya miti.

Giaboksi ndiyo hufa mapema kwenye vilima. Mashine nyingi za siku hizi zinatumia giaboksi ya haidroli: unakanyaga pedeli inakwenda, unaachia inapunguza mwendo yenyewe. Kwa mteremko ni nzuri kuliko gia za mkono, kwa sababu hulazimiki kukanyaga klachi katikati ya kilima. Adui yake ni joto. Kupanda mfululizo huchemsha oili, oili ikichemka inakuwa nyepesi, na pampu inapoteza nguvu. Kwa hiyo chungulia chini ya kiti. Ina feni ya kuipoza? Ina filta na nati ya kumwagia oili, au imefungwa moja kwa moja kiwandani? Iliyofungwa inatosha kwa uwanja wa tambarare. Kwa vilima chukua ile unayoweza kubadilisha oili. Hapo pia utaona kijiti cha kuachia giaboksi ili mashine isukumwe kwa mkono. Usikiguse ukiwa kwenye mteremko, kwani kinaondoa uwezo wote wa giaboksi kuizuia mashine.

Injini sitaisemea sana. Iwe na pampu ya oili, isiwe ile inayorusha oili kwa kijiko tu, na kitabu chake kiseme inaruhusiwa kuinama nyuzi ngapi. Usishuke na mafuta kidogo kwenye tangi, yanakimbilia upande mmoja na injini inazima.

Tairi laini za bustani zinatunza nyasi lakini zinateleza. Zenye kashata (meno ya tairi) kubwa zinashika, ingawa zitachubua uwanja unapokata kona. Mimi huchagua kashata za wastani, kisha naongeza uzito kwenye rimu za nyuma kama kitabu kinaruhusu. Mfuko wa kukusanyia nyasi nyuma ya kiti ni tatizo penye mwinuko: ukijaa, unavuta nyuma na mbele kunanyanyuka. Afadhali visu vya kusaga nyasi na kuziacha palepale.

Upana wa visu unahesabika. Sentimita 107 kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, ukitoa sehemu ya tano kwa kona na kupishana kwa mistari, ni kama mita za mraba 5,100 kwa saa, yaani eka moja na kitu. Kilimani utatembea kilomita 4, na hesabu inashuka hadi 3,400. Fanya hesabu yako kwa namba hii ya pili. Usikimbilie visu vya sentimita 137 ili kufidia, kwani ardhi yenye matuta itanyolewa hadi udongo uonekane. Kati ya 107 na 122 panatosha wengi.

Kuhusu fremu ya nyuma ya kiti inayomkinga dereva mashine ikipinduka sina mjadala: kama inapatikana kwa mashine unayoitaka, inunue. Ikiwa imesimama, funga mkanda kila mara. Ikiwa imelazwa au haipo, usifunge, maana mkanda utakushikilia chini ya mashine ikipinduka. Trekta ndogo hukata kwa kupanda na kushuka, si kwa kukata mteremko ubavuni, na asubuhi yenye umande isubiri. Mtoto asipakiwe hata kwa hatua mbili.

Mwisho ni majaribio, na muuzaji asiyekubali mteremko muache. Visu vikiwa vimezimwa, shuka polepole, achia pedeli katikati, uone inasimama au inaendelea kujivuta. Weka breki ya kuegesha, uone kama inakaa. Kama mashine imetumika, ifanyishe kazi kwanza kwa dakika 20 hivi ndipo urudie hayo yote, kwa sababu giaboksi iliyochoka hushika vizuri ikiwa baridi, na hulegea ikishapata moto.