Zaburi moja kwa mwezi: namna ya kulibeba Neno kwa kichwa

Kwa miaka mingi Biblia yangu ilichakaa kurasa za mwanzo tu. Kila Januari nilianza Mwanzo, nikaipita Kutoka kwa kasi, na kila mwaka nikakwama palepale: Mambo ya Walawi sura ya 13, mistari 59 ya vivimbe, vipaku na nywele zilizogeuka nyeupe. Mimi ni muuguzi, ungedhani hiyo ndiyo sura ya kunivutia. Wapi! Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, maana yake usome zaidi ya tatu kila siku ili uimalize kwa mwaka, na mtu aliyetoka zamu ya usiku husoma sura tatu kama anavyosaini kitabu cha makabidhiano. Mkono unatembea, akili imeshalala.

Simkatazi anayeweza. Ninachoeleza hapa ni njia yetu sisi tulioshindwa: fungu moja fupi, mwezi mzima, mpaka ulijue kwa kichwa. Niliianza kwa sababu ya kazi. Kazini huwezi kufungua Biblia katikati ya wodi, na saa ninazoihitaji zaidi ni zile ambazo mikono yote miwili imeshika kitu kingine.

Anza kwa kuchagua, na uchague kwa kuitazama siku yako ilivyo. Mimi nilianza na Zaburi ya 121 kwa kuwa nafanya kazi usiku, na hiyo ni zaburi ya asiyelala. Ina mistari minane tu. Ya 23 ina sita, ya 1 sita, na kama unaogopa kwamba kichwa chako kimezeeka, chukua ya 131, mistari mitatu, utaimaliza kabla hujaanza kujihurumia. Usianze na ya 119. Ina mistari 176, ingawa ndiyo inayonipa moyo kuliko zote: imegawanywa mafungu 22 ya mistari minane minane, na katika Kiebrania kila mstari wa fungu huanza kwa herufi ileile, kuanzia herufi ya kwanza ya alfabeti hadi ya mwisho. Aliyeitunga hivyo alitaka ikae vichwani mwa watu.

Ukishachagua, inakili kwa mkono kwenye daftari. Usiweke namba za mistari. Namba hizo zimekuja baadaye sana. Mgawanyo wa mistari tunaoutumia katika Agano Jipya ni wa mchapishaji Robert Estienne, mwaka 1551. Zinasaidia kutafuta, lakini ukikariri nazo utajikuta unakumbuka vipande vilivyokatika, wala si wimbo unaotoka hapa kwenda pale.

Kisha geuza ukurasa uandike vianzio. Watu wengi hufundishwa kuandika herufi ya kwanza ya kila neno, ila kwa Kiswahili herufi moja haitoshi. Maneno yetu yanaanza kwa m, n, a na w kupita kiasi, utachanganyikiwa. Andika silabi ya kwanza. “Nitayainua macho yangu niitazame milima” kwangu ni: ni, ma, ya, ni, mi. Siku ya tatu au ya nne utazisoma silabi hizo na mstari utajileta wenyewe.

Anza kukariri kutoka mwisho. Najua inaonekana kinyume. Lakini angalia watu wanapoisema Zaburi ya 23 pamoja: “Bwana ndiye mchungaji wangu” husikika hadi nje, na wakifika “Waandaa meza mbele yangu” sauti zimebaki tatu, wengine wanachezesha midomo. Sababu ni kwamba kila mara walianzia juu, na ule mwanzo umerudiwa mara mia. Ukiushika kwanza mstari wa mwisho, halafu ukaongeza ulio juu yake, kila unaposema unatoka kwenye kigeni kwenda kwenye ulichokizoea. Unateremka badala ya kupanda.

Na sema kwa sauti, hata ya chini. Kitenzi cha Kiebrania kilichotafsiriwa “huitafakari” katika Zaburi ya 1 ndicho kinachotumika Isaya 31:4 kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake. Kwa hiyo yule mtu wa zaburi hiyo, anayeitafakari sheria mchana na usiku, hakuwa amekaa kimya amefumba macho. Alikuwa ananong'ona, ananguruma na sheria yake mdomoni. Majirani zangu wa basini wameshanizoea.

Sasa funga maneno hayo na tendo ambalo tayari unalifanya kila siku. Hapa ndipo wengi wanaanguka: wanatafuta muda mpya, na muda mpya haupo. Mimi nanawa mikono. Shirika la Afya Duniani linashauri unawaji wa sabuni na maji uchukue sekunde 40 hadi 60, na zamani nilikuwa nadanganya, nasugua kumi naondoka. Zaburi ya 121 ikisemwa bila haraka inakaribia kujaza muda huo. Nanawa mara nyingi mno kwa zamu moja, kwa hiyo wiki ya pili nilikuwa nimeimaliza bila kutenga hata dakika. Wewe huenda unapanda ngazi, unanyonyesha, unasubiri kompyuta iwake. Chagua tendo moja. Likiwa mawili yatagombana.

Shika maneno yenyewe, si maana yake tu. Hili nilifundishwa na mgonjwa. Alikuwa bibi aliyepata kiharusi, maneno yake yakawa yanatoka moja moja kwa shida. Usiku mmoja nilikuwa namgeuza huku nanong'ona zaburi yangu, nikasema, “Jua halitakuchoma mchana.” Akafumbua macho. Akahangaika na ulimi kwa muda, kisha akasema neno moja: “Halitakupiga.” Alikuwa sahihi, ndivyo ilivyoandikwa, “Jua halitakupiga mchana, wala mwezi wakati wa usiku.” Nilikuwa nimeuharibu mstari, maana mwezi hauchomi mtu. Lakini aliyekesha na wagonjwa anajua kwamba usiku nao unapiga.

Wiki ya tatu, ukiwa umeshaizoea, ichunguze. Hesabu maneno yanayojirudia. Katika Zaburi ya 121 neno la kulinda limetokea mara sita katika mistari minane: akulindaye, mlinzi, mlinzi, atakulinda, atakulinda, atakulinda. Katika Kiebrania pia ni sita. Sikuwa nimeliona kwa miaka yote ya kuisoma. Uliza pia swali lisilopendeza: fungu hili linanidai nini? Lile neno “asisinzie akulindaye” lilinigeukia. Kati ya saa tisa na saa kumi usiku nilikuwa na kiti changu pembeni, na tuseme tu kwamba nilikuwa nakifahamu vizuri. Huwezi kunong'ona habari za mlinzi asiyesinzia huku umeegemea ukuta unakoroma. Siku hizi saa hizo napita kitanda hadi kitanda. Yakobo anaandika tuwe watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu; nilikuwa nikidhani anasema mambo makubwa.

Kabla ya kumpa mtu mwingine mstari wowote, soma ulio juu yake na ulio chini yake. Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani, imeandikwa kwenye kadi nyingi sana. Mstari wa 10 unataja miaka 70. Ni barua kwa watu waliohamishwa Babeli, na mapema katika barua hiyohiyo wanaambiwa wajenge nyumba na wapande bustani hukohuko. Wengi wa watu wazima walioisikia wangefia ugenini. Ahadi haipungui kwa kujua hilo, ila mtu aliyempoteza mwenzake jana hatadhani umemwahidi wiki ijayo. Hata Ibilisi alipomjaribu Yesu alinukuu Zaburi ya 91, na Yesu akamjibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, mara tatu, bila kitabu mkononi.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kukosea. Mama mmoja alikuwa ameondokewa na mtoto dakika chache tu zilizopita, nami, kwa kutojua la kufanya na ukimya wake, nikamsomea kwa kichwa Warumi 8:28, ile ya kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wampendao. Aliniangalia, akageukia ukutani. Mstari ni wa kweli, ila niliutoa ili mimi nipumue. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na matatizo yao yote yalianza walipofungua midomo. Kwa hiyo ukiwa na mfiwa, acha zaburi ikae ndani yako ikufanye uweze kubaki pale. Akikuomba useme, sema.

Kuna wiki ambazo maneno hayatakwambia kitu. Usiongeze mafungu, wala usihamie zaburi nyingine kwa kudhani hii imeisha nguvu. Endelea tu kunawa na kunong'ona. Zikizidi, soma Zaburi ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani bila kufarijiwa na mtu. Mwombaji huyo naye amo katika Biblia, na kwangu hilo limetosha usiku kadhaa.

Mwezi ukiisha, ile ya zamani iseme mara moja kwa juma, kisha mara moja kwa mwezi. Mimi ninazo saba sasa, baada ya karibu mwaka. Hazikuwa kumi na mbili kama nilivyopanga, ya 103 peke yake ilinila miezi mitatu.

Niko kwenye ya 130. Nimekwama mstari wa 6, “Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi.” Kila mara nausema mara moja tu naenda mbele, inabidi nirudi. Juzi, saa kumi na nusu, nikiwa dirishani nangoja wenzangu wa zamu ya mchana, nilitazama saa, nikasubiri kitambo, nikaitazama tena. Ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na mbili.