Jinsi ya kumkumbuka Kasisi Pauli Murray bila kumkatakata

Pauli Murray, mwanasheria mweusi wa Marekani aliyepigania haki za weusi na wanawake alafu akawa kasisi, alifariki tarehe 1 Julai 1985 kule Pittsburgh, na Kanisa la Episcopal la Marekani (ndo Waanglikana wa huko) limeiweka siku hiyo kwenye kalenda yake ya watakatifu, kwahiyo kama unataka kuandaa kumbukumbu kanisani, kwenye kikundi chenu au hata sebuleni na watu wachache, hiyo ndo tarehe rahisi. Ila mi nakushauri uangalie pia 13 Februari, sababu nitaieleza hapo chini na nadhani ukishaisoma utaichagua hiyo.

Kabla ya kualika mtu yeyote kubalianeni kwamba mnamkumbuka mzima mzima. Hapa ndo watu wanaharibu: wa kanisani wanamtaja kama mwanamke mweusi wa kwanza kuwekewa mikono kuwa kasisi wa Episcopal, 8 Januari 1977, alafu mapenzi yake wanayaruka kabisa, na wanaharakati nao wanasimulia mapenzi na kesi za ubaguzi alafu ukasisi wanaupitia juu juu kama mambo ya uzeeni, wakati huyu mtu aliacha kazi ya uprofesa pale Chuo Kikuu cha Brandeis akaenda seminari akiwa na miaka 62! Mtu haachi kazi kama hiyo kwa kujifurahisha.

Kwahiyo mmoja wenu apewe kazi ya kumsimulia Irene Barlow. Walikutana New York miaka ya 1950 kwenye ofisi ya mawakili walikokuwa wanafanya kazi wote wawili, wakawa pamoja mpaka Irene alipofariki 1973 kwa uvimbe kwenye ubongo, na msiba ule ndo uliomsukuma Pauli kuingia seminari mwaka huo huo, yaani ukimtoa Irene hata habari ya ukasisi haieleweki vizuri. Anayesimulia aseme pia kwamba Pauli aliwapenda wanawake ila hakujitangaza kuwa lesbiani hadharani, na kwamba kwenye maandishi yake ya siri alieleza kuwa ndani anajiona mwanaume, mpaka akawafuata madaktari kuomba homoni wakamkatalia. Semeni hivo hivo kama ilivyokuwa, msimbandike jina ambalo yeye hakujibandika, na msione aibu kulisema mbele ya wazee, wazee wamesikia mengi.

Alafu chagueni visa viwili tu. Msijaribu kumaliza maisha yote maana hamtaweza, huyu alizaliwa Baltimore 1910, akakamatwa 1940 Petersburg, Virginia, yeye na rafiki yake Adelene McBean kwa kukataa utaratibu wa viti vya weusi kwenye basi, miaka 15 kabla ya Rosa Parks, yule mwanamke mweusi maarufu aliyekataa kumpisha mzungu kiti cha basi, akafundisha sheria Ghana, akawa kati ya waanzilishi wa NOW, chama cha kitaifa cha kutetea haki za wanawake Marekani, mwaka 1966, na hoja aliyoiandika akiwa mwanafunzi wa sheria Chuo Kikuu cha Howard, kwamba kanuni ya "tofauti lakini sawa" iliyohalalisha kuwatenga weusi ifutwe mahakamani, mawakili waliitumia kwenye kesi ya Brown ya 1954, iliyopiga marufuku kutenganisha weusi na weupe mashuleni. Ukiyasoma yote kwa mfululizo watu watasinzia.

Kisa cha kwanza cha kusoma kwa sauti ni cha Harvard, kinafaa wasomaji wawili. Alimaliza Howard 1944 akiwa wa kwanza darasani, mwanamke pekee darasani, akaomba kuendelea Harvard wakamjibu kuwa jinsia yake hairuhusu. Msomaji mmoja awe Harvard, asome kwa ukavu kabisa, mwingine awe Pauli, ambaye aliwaandikia kwamba angebadili jinsia kwa furaha ili kutimiza masharti yao ila njia ya kufanya hivyo bado hajafunuliwa, kwahiyo inabidi awaombe wao wabadili mawazo. Mkiwa mmeshasikia habari za homoni kabla, barua hiyo inachoma, ndo maana nasema Irene na hayo mengine yatangulie.

Kisa cha pili ni cha 13 Februari 1977, na hapa msiwe na haraka. Bibi yake Pauli, Cornelia, alizaliwa mtumwa North Carolina, baba yake akiwa mmoja wa wanaume wa familia iliyommiliki mama yake, na mwaka 1854 alibatizwa Chapel of the Cross, Chapel Hill, akaandikwa kwenye kitabu cha kanisa kama mali ya Mary Ruffin Smith. Miaka 123 baadae mjukuu wake akaingia kanisa hilo hilo kuongoza ekaristi kwa mara yake ya kwanza, akasoma Injili kwenye Biblia ya Cornelia mwenyewe, ikiwa imewekwa kwenye kisomeo chenye jina la Mary Ruffin Smith. Anayesoma akifika hapo anyamaze kidogo, watu wenyewe wataelewa.

Mezani wekeni picha yake akiwa na vazi la ukasisi, na kama una ndugu Marekani mwombe akutumie sarafu ya robo dola ya 2024 yenye sura ya Pauli ndani ya neno HOPE, watoto watapenda kuishika na kuipitisha mkono kwa mkono. Picha za waliohudhuria msipige mpaka kila mmoja akubali, na kama mko sehemu ambayo sheria za mapenzi ya jinsia moja ni kali au majirani wana maneno, simu zote ziwekwe kikapuni mlangoni.

Walioko Marekani wanaweza kwenda Durham, 906 Carroll Street, kwenye nyumba aliyoijenga babu yake 1898, au Brooklyn, makaburi ya Cypress Hills, alikozikwa pamoja na Irene.

Mkichanga sadaka, mtafuteni binti anayesoma sheria mlipieni vitabu au nauli, na kiasi kilichopatikana kitangazwe hapo hapo kabla watu hawajaondoka.