SOMO: Kumfundisha nesi kuandika faili ambalo mwenzake wa zamu inayofuata atalielewa

Habari zenu wapendwa. Hili somo nawaandikia zaidi mainchaji (wasimamizi wa wodi) na matroni, ila hata nesi wa kawaida au mwanachuo akisoma litamsaidia.

Kwanza niwaambie kwa nini nimelivalia njuga. Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, wodi ya watoto, nesi wa usiku alimchoma mtoto sindano ya antibayotiki ya gentamaisini, kabla hajasaini chati akaitwa mbio kitanda kingine mtoto anadegedeka, akaenda, ikawa hekaheka mpaka kukakucha, asubuhi zamu mpya wakakuta kiboksi cheupe wakajua hajachomwa wakachoma tena. Na ile dawa alikuwa anatakiwa apate mara moja tu kwa siku, ikizidi inaumiza figo na masikio. Tulimfuatilia mtoto akatoka salama, ila mama yake alituuliza swali moja tu, "kwani nyie hamuandikagi?" Wale manesi wote wawili walikuwa wazuri na wanajituma, ndo maana mpaka leo huwa naumia mtu akisema wasioandika ni wavivu.

HATUA YA 1: usianze na semina. Vuta mafaili kama 10 ya wagonjwa walioruhusiwa, kaa uyasome mwenyewe na kalamu, hesabu ni mangapi yana saa, yana jina na saini ya aliyeandika, na pale presha ilipoonekana iko juu je kuna mtu ameandika alifanya nini. Hapo utajua wodi yako inaumwa wapi, mana kila wodi ina ugonjwa wake.

HATUA YA 2: chukua faili moja lenye mapengo, ficha jina la mgonjwa na majina ya walioandika, waulize kikundi: huyu mama saa tisa usiku alikuwaje? Waache watafute. Wakikosa hawatahitaji maneno mengi kutoka kwako. Usitaje wala kudokeza ni faili la nani, ukimuaibisha mmoja mbele ya wenzake siku hiyo hiyo wodi nzima itaanza kuandika ili ijilinde na mgonjwa atasahaulika.

HATUA YA 3: wafundishe vitu vinne tu, saa, nilichoona, nilichofanya, ikawaje baada ya hapo. Lile neno letu la "anaendelea vizuri" liondoeni kabisa. Vizuri kivipi? Linganisha na hili: "22:30, presha 160/110, analalamika kichwa na kuona ukungu, daktari wa zamu amepigiwa 22:35, amefika 22:50, ameagiza magnesiamu." (Magnesiamu ni dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba.) Ukisoma hivi unamuona mgonjwa hata kama hukuwepo.

Sasa hapo kwenye saa naomba nikae kidogo mana ndo panapotuvuruga sisi waswahili. Tunaongea saa nane usiku ila faili linataka 02:00, na mtu akichoka anaandika "saa 8", anayesoma hajui ni saa nane mchana, au ni 8:00 ya asubuhi kwa saa za kizungu, makosa ya masaa sita hayo. Wafundishe hivi: kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni unajumlisha 6, saa moja usiku mpaka saa tano usiku unajumlisha 18, na kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri unatoa 6. Halafu tarehe. Kwetu usiku wote wa kuamkia Jumanne unaonekana ni kitu kimoja ila kwenye faili ikigonga 00:00 tarehe imebadilika, na zamu ya usiku wanasahau sana hili.

HATUA YA 4: kurekebisha kosa. Mstari mmoja juu ya neno ili bado lisomeke, andika sahihi pembeni, saini na saa. Hakuna kupaka waiti (ule wino mweupe wa kufutia), hakuna kuchana karatasi. Na kama umechelewa kuandika, andika saa unayoandika sasa hivi na useme tukio lilitokea saa ngapi, hiyo siyo aibu.

HATUA YA 5: patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua. Hii ifundishwe kwa kuchora, usiisome kwenye slaidi. Mimi huwa nachora kubwa nabandika ukutani alafu natoa kesi: mama kafika 10:00 njia (mlango wa kizazi) imefunguka sentimita 4, saa 14:00 sentimita 6, saa 18:00 sentimita 7. Kila mtu aje aweke alama. Mstari wa tahadhari unapanda sentimita moja kila saa kwahiyo 14:00 alitakiwa awe na 8, tayari yuko kulia kwake, na kama uko kituo cha afya kisicho na upasuaji hapo ndo unaanza kupanga rufaa, hungoji. Saa 18:00 ameshavuka mstari wa hatua ambao uko masaa manne mbele. Watu wakiona ile alama inavyoteleza kwenda kulia huwa kunakuwa kimya chumbani. Mapigo ya mtoto kila nusu saa, uchungu kila nusu saa ukihesabu ndani ya dakika 10, kupima njia kila masaa manne. Na wakumbushe kwamba mistari hii miwili aliichora Philpott na mwenzake Castle hapa hapa Afrika, Rhodesia ya wakati huo (Zimbabwe ya leo), mwaka 1972, ili wakunga wa vituo vya mbali wajue mapema nani wa kupelekwa hospitali. Ilichorwa kwa ajili yetu kabisa.

HATUA YA 6: fuatana nao kazini zamu nzima, kalamu mfukoni, chati kitandani. Kukabidhiana zamu kufanyike kitandani kwa mgonjwa faili likiwa wazi. Kisha kila wiki soma mafaili matano, wape majibu wiki hiyo hiyo, ukikaa mwezi mzima hayana faida tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Sista shikamoo. Sisi usiku tuko wawili wagonjwa 40, muda wa kuandika tunautoa wapi?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, nakuelewa na nimefanya kazi hivyo. Hamtaandika sawa kwa wote, anzeni na walio hatarini. Mfano mama wa kifafa cha mimba aliye kwenye magnesiamu, kabla ya dozi nyingine lazima iwepo namba ya upumuaji (isiwe chini ya 16 kwa dakika), goti linaitikia likigongwa, na mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Huyo asikose hata mstari mmoja. Na dawa isainiwe pale pale kabla hujageuka. Ila pia inchaji wako aandike kwa uongozi kwamba mko wawili, hilo nalo ni rekodi.

Swali: Mbona tunajaza MTUHA (vitabu vya taarifa za huduma za afya) kila siku, haitoshi?
Jibu: Haitoshi. Kitabu namba 12 kitasema wangapi wamejifungua, hakitamwambia mwenzako mama wa kitanda cha tano ametoka damu kiasi gani tangu jioni.

Swali: Niko Kenya, huku tumeanza kuambiwa kuhusu ile chati mpya ya uchungu ya WHO (Shirika la Afya Duniani), je hili somo limepitwa?
Jibu: Hapana dada. Ile ya 2020 inahesabu uchungu kamili kuanzia sentimita 5 na haina ile mistari miwili ya mshazari, kila sentimita ina muda wake wa kushtuka. Tumia ile ambayo kituo chako kimepitisha, msichanganye mbili wodi moja.

Swali: Daktari anataka nipige picha chati nimtumie WhatsApp.
Jibu: Mpigie kwanza umsomee. Ikibidi picha, funika jina na namba ya faili, mtumie yeye tu na siyo grupu, kisha ifute. Taarifa za afya ni nyeti na Tanzania tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022.

Swali: Mwalimu mimi ni mwanachuo, mama amejifungua ndo naambiwa nijaze patografu yote ili faili lionekane limekamilika. Nifanyeje?
Jibu: Usijaze mwanangu. Andika ulichokiona wewe kwa macho yako na saa uliyokiona, pengine pabaki peupe, kisha kaongee na mwalimu wako wa kliniki faragha bila kugombana na mtu. Mapigo ya mtoto ambayo hakuna aliyeyasikiliza hayana namba.