Kitanda cha matete kwa majitaka ya nyumba 20: tulivyojenga huku Kamulu, mashariki ya Nairobi

Nyumba zetu 20 hazina bomba la majitaka. Kila moja ilikuwa na shimo lake, na mvua za Aprili zikija udongo mweusi unakataa kunywa, shimo linafurika, eksosta, lori la kunyonya majitaka, inaitwa. Siku hizi majitaka yote yanapita kwenye kitanda kimoja cha kokoto na matete, bila umeme. Mimi ni fundi wa mabomba. Nawapa hatua zenyewe, pamoja na ile niliyoiharibu.

Hatua ya 1: Hesabu. Watu 100, kila mmoja lita 80 kwa siku, ni lita 8,000. Soma mita za maji wiki mbili badala ya kukisia. Wakati huohuo anza safari ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, kutafuta leseni. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka kikomo cha BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria wanahitaji ili kuumaliza uchafu, kuwa miligramu 30 kwa lita.

Hatua ya 2: Tangi la kutuliza. Watu huniuliza habari za matete, mimi huwauliza habari za tangi. Kitanda hufa kwa tope linalotoroka huku. Weka nafasi ya majitaka ya siku mbili, mita za ujazo 16. Tope ni kama lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Ukitaka kulinyonya kila miaka mitatu, ongeza 12. Jumla 28. Gawa vyumba viwili, cha kwanza kichukue theluthi mbili. Bomba la kutokea liwe na kiungo cha T ambacho mguu wake umezama, lichote maji ya katikati: mafuta yameelea juu, tope limelala chini.

Hatua ya 3: Shimo la kitanda. Mita mraba 2 kwa mtu, kwa hiyo letu ni mita 20 kwa 10, na sakafu inashuka sentimita 20 kutoka mwanzo hadi mwisho. Udongo mweusi huvimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, ukararua chochote kilicho juu yake. Chimba sentimita 30 zaidi, jaza maramu na uishindilie, mwaga mchanga, ndipo utandike plastiki nzito ya mabwawa.

Hatua ya 4: Kokoto. Hapa ndipo niliponyolewa bila maji. Kokoto ililetwa na vumbi lake lote, nami kwa haraka nikaimwaga bila kuiosha. Mwezi wa tatu maji yalitokea juu, mbu wakahamia, na tukaitoa yote kwa koleo. Osha mpaka maji yatoke meupe! Jaza sentimita 60, na mwanzoni na mwishoni panga mawe makubwa ya ukubwa wa ngumi. Maji yabaki sentimita 10 chini ya uso wa kokoto. Mbu hana pa kutagia. Nafasi kati ya kokoto ni kama asilimia 40, hivyo maji hukaa humo siku tano. Mwisho wa bomba la kutokea funga elbo, yaani kiungo cha kona, inayozungushika, upandishe au ushushe kina utakavyo.

Hatua ya 5: Matete. Chimbua mizizi yenye machipukizi kando ya mto, panda minne kwa mita mraba. Usidanganyike: kazi kubwa inafanywa na bakteria walioganda kwenye kokoto na mizizi. Kitanda hiki kina hewa kidogo, kwa hiyo amonia haipungui sana. Ukitaka kuipunguza, tanguliza kitanda cha mchanga kinachomwagiwa maji kwa mikupuo, kikauke, kivute hewa. Bakteria wa huko hugeuza amonia kuwa naitreti, na wa kitanda cha pili huigeuza gesi ya naitrojeni.

Hatua ya 6: Maji yaendako. Yanatoka maangavu, hayanuki, na wageni hutaka kunawa. Wakataze, maana vijidudu vya kinyesi bado vimo. Sisi tunayapeleka kwa bomba la chini ya ardhi hadi kwenye majani ya nepia ya ng'ombe na migomba. Dania ya kachumbari ina mfereji wake wa maji safi.