Jinsi ya kupata mwanga wa vituo vya NV kwenye almasi kwa leza ya kijani

Kituo cha NV ni mahali ndani ya almasi ambapo atomu ya naitrojeni imeshika nafasi ya kaboni, na nafasi ya jirani yake iko tupu. Kikipigwa leza ya kijani, hutoa mwanga mwekundu. Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwanafunzi aliyekwama kwenye mstari mmoja wa grafu. Mstari huo uko hatua ya 5.

1. Almasi. Chagua ya waridi au zambarau, iliyopigwa elektroni kisha ikachomwa kwenye nyuzi 800 za Selsiasi au zaidi. Za njano za kiwandani zina naitrojeni nyingi, lakini nafasi tupu ni chache mno.

2. Leza. Nm 532 (nanomita, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), mW 5 (miliwati, kipimo cha nguvu) zatosha. Leza nyingi za kijani za bei nafuu huanza na nm 808 na 1064 ndani yake, na mwanga huo usioonekana huweza kuvuja. Hakikisha miwani yako inazuia yote matatu.

3. Kichujio. Weka mbele ya spektromita (kifaa kinachotenganisha mwanga kwa rangi zake na kuchora grafu) kichujio kinachopitisha juu ya nm 550 tu. Nunua cha matabaka membamba. Vioo vya rangi sivitaki kabisa kwa kazi hii, kwani vingi hung'aa vyekundu vyenyewe vikipigwa kijani.

4. Kipimo tupu. Toa almasi, weka kipande cha alumini, pima kwa muda uleule. Kinachobaki kwenye grafu hakikutoka kwenye almasi.

5. Kusoma grafu. Utaona kilele kidogo nm 637, cha kituo cha NV chenye chaji, kisha mlima mpana kati ya nm 650 na 800. Usishangae udogo wa kilele: kwenye joto la chumba hubeba asilimia chache tu za mwanga wote.

Tatizo liko karibu na nm 575. Hapo ndipo hung'aa kituo cha NV kisicho na chaji. Lakini almasi yenyewe hutawanya leza kwa mtindo wa Raman, yaani ikishusha nishati ya mwanga kwa 1332 kwa sentimita (idadi ya mawimbi katika sentimita moja), na kwa leza ya 532 mstari huo huangukia nm 572.6. Spektromita ndogo huiunganisha miwili ikawa mmoja. Usibishane na grafu, badilisha leza. Kujua mstari wa Raman utaangukia wapi, gawa 10,000,000 kwa nm za leza, toa 1332, kisha gawa tena 10,000,000 kwa jibu. Kwa leza ya 520 mstari wa Raman huhamia nm 558.7, wa kituo haubanduki 575.

Ila angalia haya. Leza iliyoandikwa 520 huenda ikawa 517 au 523, kwa hiyo pima mstari wake kwanza, bila kichujio, nguvu ikiwa imepunguzwa sana. Leza za diodi pia huwa na mwanga hafifu uliotapakaa pembeni ya mstari wake, ambao hupenya kichujio na kuonekana kama mng'ao. Weka kichujio chembamba cha 520 kwenye mdomo wa leza. Tena, usilinganishe kimo cha vilele vya 575 na 637 kati ya leza mbili: rangi na nguvu ya leza hubadilisha vituo vingapi vina chaji.

6. Baridi. Ukipata naitrojeni ya kimiminika, ipoze almasi. Kilele cha 637 hukonda na kuchongoka, na hapo hata spektromita ya kawaida hukionyesha wazi.