Somo: Kujenga uchumi wa gemu ya zamu kwa zamu, mfano wa msafara wa Ujiji hadi Tabora

Wakuu, hili ni somo la uchumi wa ndani ya gemu za mkakati, zile ambazo kila mchezaji anasubiri zamu yake. Sitagusa picha wala programu. Daftari, kalamu na Excel vinatosha.

Mfano wetu ni mkuu wa msafara anayekaa Ujiji miaka ya 1870 na kupeleka chumvi ya Uvinza hadi Tabora. Wa Kigoma na Tabora njia hii mnaijua, maana reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 inapita Malagarasi na Uvinza.

Hatua ya 1: Anza na matumizi

Gemu nyingi za kwanza ninazoonyeshwa zina mashamba, migodi na masoko, na vyote vinaingiza tu. Zikipita zamu kadhaa hazina imefurika, mchezaji kazi yake ni kubonyeza kitufe cha zamu inayofuata. Hana cha kuamua kwa sababu anaweza kununua kila kitu.

Kwa hiyo jiulize kwanza: nini kinaliwa kila zamu, hata mchezaji akikaa bure? Kwenye msafara ni posho. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walipewa posho ya kununulia chakula njiani, mara nyingi kwa vitambaa. Kitambaa kilihesabiwa kwa doti, basi doti ndiyo fedha ya gemu yetu.

Tazama bao la Kiswahili. Kete ni 64 mwanzo hadi mwisho, hazizai wala hazipotei. Ninachokula mimi umekipoteza wewe. Bao halihitaji posho. Gemu yenye mashamba yanayozaa kila zamu inaihitaji, tena mapema.

Hatua ya 2: Namba ndogo, kwenye karatasi

Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya gemu, msizichukue kama historia. Zamu moja ni wiki moja. Hazina inaanza na doti 60. Soko la Ujiji linaingiza doti 12 kila zamu. Wapagazi 20 wanakula doti 5, walinzi doti 3. Kinachobaki ni doti 4 kwa zamu.

Sasa safari. Kila mpagazi anabeba frasila 2 (frasila ni kipimo cha zamani cha uzito), jumla 40. Chumvi Uvinza ni doti 1 kwa frasila, Tabora inauzwa doti 2. Njiani kuna hongo, ule ushuru wa watawala wa njia, doti 10. Safari ni zamu 4.

Fanyeni hesabu. Akikaa nyumbani zamu 4, hazina inafika 76. Akisafiri anatoa 40 za chumvi na 10 za hongo, anabaki na doti 10. Zamu 4 zinamwongezea 16, akiuza anapata 80, jumla 106. Safari inalipa zaidi, lakini kwa karibu mwezi mzima ameshika doti kumi na kitu tu. Mtama ukipanda bei na posho ikawa doti 10, anapoteza doti 1 kila zamu badala ya kuongeza 4. Mtawala wa pili akitaka hongo ya 15, msafara unakwama.

Hapo ndipo gemu ilipo. Faida ya doti 30 peke yake haimsisimui mtu. Kinachomfanya afikiri ni zile zamu nne za kuwa karibu mtupu. Namba zako zisipompitisha mchezaji mahali hapo, zirudie kabla ya kuongeza bidhaa nyingine.

Hatua ya 3: Mkosi utangulize habari

Mwaka 1871 vita vya Mirambo, mtawala wa Kinyamwezi, na Waarabu wa Tabora vilifunga njia ya kwenda Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ilimbidi azungukie kusini. Kwenye gemu, kufungwa kwa njia kusitokee ghafla. Zamu moja au mbili kabla, lete uvumi sokoni. Mchezaji achague: asubiri huku posho inaliwa, azunguke kwa zamu 6, au ajaribu bahati. Mkosi usiokuwa na dalili unamfundisha mchezaji kulaumu gemu.

Hatua ya 4: Akifilisika je?

Msiandike "umeshindwa" pale tu hazina inapofika sifuri. Civilization, gemu ya kompyuta ya mwaka 1991, ilifanya vizuri: majengo yana gharama ya matunzo kila zamu, na ukishindwa kulipa, jengo linauzwa. Unaumia ila unaendelea. Kwetu, posho ikikosekana wapagazi 5 wanatoroka na mizigo yao inabaki njiani.

Hatua ya 5: Cheza kwa mbegu za ubuyu na daftari, na mtu ambaye hujamweleza mbinu. Usimsaidie. Akikosa cha kufikiria zamu tatu mfululizo, rudi hatua ya 2.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, niko Kibirizi, Kigoma. Nataka gemu ya uvuvi wa dagaa wa siku hizi, siyo misafara. Posho yake ni nini?

Jibu: Mafuta ya injini, taa na chakula cha wavuvi. Na una bahati, ziwa limekupa kalenda. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Fanya zamu moja kati ya nne iwe ya mbalamwezi: mapato hakuna, madeni yapo. Ongeza na kipindi cha kufungwa ziwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Mchezaji aamue mapema auze dagaa wabichi leo au awaanike na kuwaweka ghalani. Hiyo gemu naitaka kuliko hii yangu.

Swali: Ujiji na Tabora zilikuwa njia ya watumwa pia. Tunaficha?

Jibu: Hapana. Ila mtu asiwe bidhaa ghalani yenye bei na kitufe cha kuuza, maana uchumi wa gemu humfundisha mchezaji kupenda kila kinachoongeza namba. Iweke kwenye matukio: vijiji vinavyohama kwa hofu, mashamba yanayobaki pori, mtama unaopanda bei.

Swali: Bidhaa ngapi zinatosha?

Jibu: Tatu. Ya nne iingie ikileta uamuzi mpya.

Swali: Kwenye gemu yangu anayetangulia mwanzoni hashikiki tena. Nimpunguzie mapato?

Jibu: Usimwadhibu waziwazi, atanuna. Fanya bei iyumbe: kila frasila 10 zinapouzwa Tabora bei ishuke kidogo, kisha ipande taratibu zamu zinazofuata. Mwenye msafara mkubwa atajaza soko mwenyewe, mdogo ataenda kuuza kwingine. Hongo nayo iongezeke kwa ukubwa wa msafara. Anza na punguzo la robo doti kwa kila frasila 10, jaribu, halafu tuletee daftari lako tulione.