Namna ya kuwauliza watu uchumi unakwendaje

Ukimuuliza mtu "Uchumi ukoje?" atakujibu "Hali ngumu," na mtaishia hapo. Kazi yangu ni kuhoji watu kwa dodoso, na jibu hilo napewa na walalahoi na wenye nacho vilevile. Hawadanganyi. Swali ndilo pana mno, kwa hiyo likate vipande.

Anza na mfuko wake: kaya yenu leo, ukilinganisha na mwaka mmoja uliopita, imepata nafuu, imerudi nyuma au iko palepale? Sema mwaka, usiseme "zamani". Zamani ya mzee wa miaka 60 ni ujana wake, na hakuna uchumi unaoushinda ujana. Kisha uliza hali ya eneo analoishi. Nchi iwe ya mwisho, maana ukitangulia nayo, hasira za siasa zitamwagikia maswali yote yanayofuata.

Majibu hayo matatu usiyachanganye. Mwishoni mwa 2021 Benki Kuu ya Marekani iliwahoji watu wazima: asilimia 78 walisema kifedha wao wenyewe walau hawajambo, asilimia 48 waliona uchumi wa eneo lao ni mzuri, lakini waliousifu uchumi wa nchi walikuwa asilimia 24 tu. Mfuko wake mtu anaushika, nchi anaisikia. Ukikuta pengo la namna hiyo, usikimbilie kusema watu hawaelewi. Liandike kama lilivyo, kwa sababu hilo ndilo ulilokwenda kutafuta.

Kwenye bei, nenda taratibu. Mtaalamu akisema mfumuko wa bei umepungua, ana maana bei bado zinapanda ila si kwa kasi ile. Mhojiwa anayesikia hivyo, kisha akaenda kununua na kukuta bei iko juu vilevile, ataona amelaghaiwa. Basi tenganisha: bei zimekulemea kiasi gani? Na je, bado zinapanda?

Sasa yajayo. Uliza miezi 12, halafu miaka mitano, kisha uliza hili: je, huu ni wakati mzuri wa kununua kitu kikubwa cha nyumbani? George Katona, aliyeanzisha tafiti za namna hii katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1946, alishikilia kwamba ununuzi hautegemei uwezo peke yake, bali na utayari. Mimi naliamini jibu la swali hilo kuliko matumaini yote anayoyatamka mtu mbele ya mgeni mwenye kalamu.

Andika tarehe, na uchaguzi ukiwa karibu andika hilo pia. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2016, wafuasi wa chama cha Republican, kilichoshinda urais, waligeuka kuwa na matumaini na wa Democratic, kilichoshindwa, wakakata tamaa, ilhali uchumi ulikuwa uleule.

Hesabu ya kuyageuza majibu ya swali la mfuko kuwa namba moja ni nyepesi: asilimia ya waliopata nafuu, toa ya waliorudi nyuma, ongeza 100. Wakiwa 40 kwa 25, unapata 115; ikizidi 100, waliopata nafuu ni wengi kuliko waliorudi nyuma. Wale 35 waliobaki, walioko palepale, fomula haiwagusi, nami sipendi wapotee hivyo. Warudie na swali moja: palepale pazuri, au palepale pabaya?